Mrisho Mbio, Mchinjaji wa Porini

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna sufuria jikoni, punguzeni moto. Kama kuna mtoto anapiga kelele, mpeni kiazi anyamaze. Leo nayataka masikio yenu yote. Mimi ni Febronia Gaspari, binti wa Ihanja, na leo namkumbuka mzee mmoja aliyelisha kijiji kizima nyama ya porini kwa miguu yake miwili na kisu kimoja.

Jina lake Mrisho Ramadhan. Amefariki Alhamisi iliyopita nyumbani kwake Mandewa, hapa hapa mjini Singida, akiwa na miaka themanini na miwili. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio. Ni Mzee Mrisho Ramadhan wa Mandewa, zamani wa Mitundu. Wenzake wa zamani walimwita Mrisho Mbio. Kazi yake ilikuwa kukimbia na kuchinja. Na sisemi kuchinja mbuzi aliyefungwa kamba. Nasema kuchinja pofu, kongoni na swala, huko huko porini, kabla roho haijatoka.

Vijana wa leo mmezoea bucha. Unafika, unaonyesha kidole, unapimiwa, unaondoka. Zamani haikuwa hivyo. Katika mkoa wetu huu, nyama uliyokula ilitegemea unaishi wapi. Sisi wa Ihanja tulikuwa na kanga na kware wa kutega, na mvua za kwanza zikinyesha tulisubiri kumbikumbi. Mama yangu aliwakaanga kwa chumvi kidogo tu. Nasema hadharani, na anayetaka kubisha apige simu, sijawahi kula karanga zikanipa raha ile. Waliokaa karibu na maziwa yetu ya hapa mjini walipata bata maji. Lakini ukienda upande wa Itigi, kwenye vile vichaka vinene ambavyo jua lenyewe linaingia kwa kubisha hodi, huko kulikuwa na digidigi, nungunungu na ngiri. Ukivuka vichaka ukaingia kwenye miombo, unakutana na kongoni. Unakutana na pofu, yule swala mkubwa anayelingana na ng'ombe dume.

Basi nyama ilikuwepo. Shida ilikuwa walaji. Huyu anakula nungunungu, jirani yake akimwona tu anatapika. Ukoo huu haugusi pofu tangu enzi za mababu. Ngiri ni chakula cha Mkristo, Mwislamu hamtaki hata kwa kumtazama. Na Mwislamu, wasikilizaji wapendwa, hata awe mnyama anayeruhusiwa, kama hakuchinjwa akiwa hai, kwake yeye huyo ni mzoga. Hapo ndipo Mrisho Mbio alipopata kazi.

Alizaliwa mwaka wa arobaini, hapa mjini. Baba yake alikuja na biashara ya nguo kutoka Bagamoyo, akaoa Mnyiramba, akasahau njia ya kurudi pwani. Nimeambiwa mzee huyo hakuacha kuwasifia majirani utamu wa pweza. Majirani walikuwa wanatema mate chini. Watu waliokaanga kumbikumbi walimwona yeye ndiye mla vituko! Mrisho alikua akisikiliza mabishano hayo, na nadhani ndiyo yaliyomfundisha kutomcheka mtu kwa anachokula.

Akajifunza kuchinja na kupasua nyama kwenye bucha moja sokoni. Mwenye bucha alikuwa na binti, Mwanabaraka, aliyekuwa akiosha nyama nyuma ya duka. Huyo Mwanabaraka ndiye mjane tunayempa pole leo. Nilimtembelea Mandewa juzi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanikalisha kwenye mkeka. Nikamuuliza alimpendea nini Mrisho.

"Alikuwa mwembamba, hana chochote," akaniambia. "Lakini ukimtuma maji, unageuka tu, keshafika. Nikasema huyu hatanichelewesha."

Bi Mwanabaraka ana ujuzi wake, na naomba muuweke kichwani. Mnyama akichinjwa akiwa hai, damu inatoka yote. Ukiosha nyama yake, maji ya kwanza yanakuwa mekundu kidogo, ya pili yanatakata. Mnyama akifa kwanza ndipo akatwe, damu inabaki ndani ya nyama. Unaosha maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, bado ni mekundu. Binti yule aliyajua hayo tangu akiwa na miaka kumi. Hakuhitaji kuambiwa, aliyatazama maji tu.

Mwaka wa sitini na mbili, mwaka mmoja baada ya uhuru, Mrisho akaenda Mitundu kununua asali, nta na ngozi. Alipanga kukaa mwezi mmoja. Akakaa miaka kumi na saba, na Mwanabaraka akamfuata huko akiwa mke wake. Aliyemkalisha ni Melkizedeki Mughwai, Mkristo, mwindaji, aliyewahi kuwa askari wa Keya, jeshi lile la Mwingereza. Mzee Melkizedeki yupo hai, yuko Mitundu, na bado anaongea kwa sauti ya gwaride. Nilimpigia simu. Nilipomtajia Mrisho akasema neno la Kinyaturu ambalo redio hii haitaniruhusu kulirudia.

"Siku ya kwanza nimeua kongoni," Mzee Melkizedeki aliniambia. "Mkubwa. Jirani zangu wote Waislamu. Wanatazama tu. Nikasema, jamani, mimi na mke wangu Rahabu tutamaliza kongoni mzima? Ndipo huyu mfanyabiashara mwembamba akaniambia, kesho nichukue. Nikamuuliza, unajua kupiga bunduki? Akasema, hapana. Najua kukimbia."

Wakaelewana hivyo. Melkizedeki alikuwa na gobole, bunduki ile ya kushindilia baruti. Ukipiga mara moja umemaliza, mpaka ushindilie tena. Mrisho alikaa hatua tano kushoto kwake, miguu mitupu, kisu kiunoni. Gobole likilia, moshi unajaa mbele, na Mrisho anaingia ndani ya ule moshi akikimbia. Hajui mnyama ameanguka au amesimama. Hajui kama amejeruhiwa au amekasirika tu. Anafika, anashika pembe, anaelekeza kichwa kibla, anataja jina la Mungu, anakata. Bi Mwanabaraka anasema paja la mume wake lilikuwa na kovu la pembe ya kongoni refu kuliko kiganja.

Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuchelewa. Narudia, miaka kumi na miwili. Mnyama akianguka, Mrisho yuko juu yake. Watu wakampa jina, Mrisho Mbio. Na jina tamu, wasikilizaji wapendwa, lina gharama zake. Mtasikia.

Walikuwa na desturi moja ambayo mimi natamani ingekuwa sheria ya nchi. Nyama ikifika kijijini, haiingii nyumba ya mtu. Inatandazwa juu ya matawi mabichi uwanjani, mafungu mafungu. Kisha Mrisho anasimama na kutangaza kila fungu kwa jina lake. "Hili ni swala, nimemchinja mimi. Hili ni nungunungu, wa mtego, hakuchinjwa. Lile la kule mbali ni ngiri, na kisu chake ni kingine." Hakuna aliyegusa kitu kabla ya kutangaziwa. Alijua hata koo za watu. Anakuona unanyoosha mkono, anakwambia, "Mama, hilo ni pofu, kwenu hawali." Walimwamini kiasi hicho. Mtu alikula kutoka mkononi mwake macho yamefumbwa.

Sasa njooni mwaka wa sabini na nne. Wenye umri wangu mnaukumbuka. Operesheni Vijiji. Watu walikusanywa kutoka huku na huku wakaambiwa wajenge pamoja. Upande ule wa Mitundu kikaundwa kijiji cha ujamaa, na ndani yake wakaingia Wanyaturu, Wanyiramba, Wakimbu, Wagogo, na familia chache za biashara za mjini. Nusu Wakristo, nusu Waislamu. Mashamba mapya yalikuwa bado visiki, na mvua nayo ikagoma. Watu walikula unga wa njano wa msaada kwa mlenda, asubuhi mlenda, jioni mlenda.

Bwana Nyama wa wilaya, yaani afisa wa wanyamapori, akawaonea huruma. Akatoa kibali maalumu. Kijiji kiwinde mara moja kila mwezi, mnyama mmoja mkubwa, basi. Melkizedeki na gobole lake, Mrisho na kisu chake. Kijiji kizima kiliwategemea wanaume hao wawili.

Mwezi wa kwanza mnyama hakupatikana. Mwezi wa pili pia. Mwezi wa tatu wakamwona pofu, dume, kwenye uwazi katikati ya miombo. Melkizedeki akalenga. Gobole likalia. Mrisho akaingia kwenye moshi.

Pofu alikuwa amekimbia. Akakata miombo, akavuka korongo, akapanda ng'ambo. Mrisho nyuma yake. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na kwa miezi mitatu alikuwa amekula unga wa njano na mlenda. Katikati ya korongo magoti yakakataa. Hakuanguka. Alisimama tu, akashika mapaja yake, akavuta pumzi. Halafu akaendelea.

Alipofika, pofu alikuwa amelala. Jicho limefunguka, halipepesi. Mrisho akagusa jicho kwa kidole. Halikusogea.

Melkizedeki akafika akihema. Hapa namwacha aseme mwenyewe, kwa sababu aliniomba niyaseme yote na nisimfichie.

"Nilimwambia, kata. Akasema, amekufa. Nikamwambia, nimesikia, kata tu. Nani yuko hapa? Mimi na wewe. Nusu ya kijiji watakula, nusu watatazama, na wanaotazama ni pamoja na watoto wako. Kata, useme umewahi. Dhambi nipe mimi, mimi hata si wa dini yenu."

Mrisho akakata. Damu ikatoka kidogo, ikasimama.

Wakarudi na kijiji kikalipuka. Vigelegele. Wanawake wanacheza na majembe begani. Matawi yakatandazwa uwanjani, na Mrisho Mbio akasimama mbele ya mafungu yale, mbele ya watu waliomwamini miaka kumi na miwili, akatangaza, "Huyu ni pofu. Nimemchinja mimi."

Watu wakachukua, wakaenda kupika.

Mwanabaraka akachukua fungu la nyumba yake, akaingia jikoni, akaosha. Maji ya kwanza mekundu. Akamwaga. Maji ya pili mekundu. Akamwaga. Maji ya tatu. Nilimuuliza juzi, "Bibi, ulifanya nini?" Akanitazama kama mtu anayeulizwa habari za jana.

"Nilipika," akasema. "Watoto walikuwa wanalia. Nikawapakulia, wakala. Yeye akala. Akaniuliza, wewe huli? Nikamwambia, tumbo linanisumbua. Akaniangalia. Akaliona beseni nyuma yangu, sikuwa nimemwaga maji ya mwisho. Hatukusema kitu. Angenipiga ingekuwa rahisi, angenifokea ingekuwa rahisi. Siku tatu nilimpikia na sikula naye."

Siku tatu, wasikilizaji wapendwa. Mimi nimeolewa miaka thelathini na mmoja, na nawaambia, hakuna adhabu inayofikia mke kukupakulia vizuri kabisa halafu akakaa pembeni.

Ilikuwa Jumanne. Siku tatu zikatimia Ijumaa. Baada ya sala, kwenye kibanda cha nyasi walichokifanya msikiti, Mrisho akaomba kusema. Kiongozi wao alikuwa Maalim Mosi, mzee mfupi, mpole, mwenye kusema polepole. Akamruhusu.

Mrisho akasema, "Pofu wa Jumanne alikuwa amekufa. Sikumwahi. Nimewalisha mzoga."

Watu wakapiga kelele. Mmoja akatoka nje na kujaribu kutapika nyama ya siku tatu zilizopita, ambayo naamini ilikwishafika mbali. Wengine walikasirika kwa namna nyingine kabisa. Walisema, kwa nini ametuambia? Si angenyamaza? Tulikuwa tumekula vizuri, tumelala vizuri, yeye anakuja kutuharibia. Na mimi nawaelewa hao pia. Ukweli ukija umechelewa unakuta watu wameshashiba.

Maalim Mosi akamuuliza, "Ulifanya kwa ajili ya njaa yetu?"

Hapa nawaomba msikilize. Mrisho angeweza kusema ndiyo. Wote wangemwelewa. Melkizedeki hata leo anashikilia kwamba ilikuwa njaa. Lakini Bi Mwanabaraka alikuwa upande wa wanawake, nyuma ya ukuta wa nyasi, na alisikia jibu la mume wake kwa masikio yake.

"Hapana, Maalim. Njaa ilikuwepo. Lakini mimi sikutaka kuonekana nimechelewa."

Maalim akasema maneno ambayo wazee wa Mitundu bado wanayakumbuka. "Aliyekula bila kujua hana kosa. Na ungekuja ukaniambia, huyu amekufa na watu wana njaa, tungekaa, tukaangalia dini yetu inasemaje kwa mtu mwenye njaa. Labda tungekula. Labda tungekataa. Wewe hukutupa nafasi ya kuchagua. Ulituchagulia." Akanyoosha mkono. "Lete kisu."

Mrisho akatoa kisu. Narudia, alitoa kisu mwenyewe, hakunyang'anywa.

Kisu akapewa Bwana Ntandu, mkulima mwaminifu, mcha Mungu, mwenye kifua cha pumu. Siwacheki wenye pumu. Nawacheka waliomchagua. Mwezi uliofuata gobole likalia, Ntandu akakimbia hatua mia, akakaa chini ya mti. Kongoni akafa akimsubiri. Mwezi mwingine, hivyo hivyo. Mara zote mbili Ntandu alirudi na kisu kikavu na kusema kweli yake, na nusu ya kijiji ikala mlenda huku ikinusa nyama ya jirani. Rahabu, mke wa Melkizedeki, alikuwa anapika mlango umefungwa kwa aibu, kana kwamba harufu inajua kukaa ndani.

Na Mrisho? Alikuwa shambani anang'oa visiki. Hakuna aliyemwita Mbio tena. Watoto wake walisemwa kisimani. Alichopoteza hakikuwa kazi peke yake. Mtu aliyekuwa akitaja jina la kila nyama mbele ya kijiji, sasa hata akisema leo ni Jumatano, watu walikuwa wanatazamana kwanza.

Melkizedeki hakuvumilia. Akavaa shati lake la kanisani, akaenda kwa Maalim Mosi, akavua kofia. "Maalim, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemshauri."

"Najua," Maalim akamjibu.

"Amekwambia?"

"Hapana. Yeye hajakutaja hata mara moja. Lakini nawajua ninyi wawili. Yeye hafikirii haraka hivyo."

Mzee Melkizedeki aliponisimulia hapo alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanieleza alichoambiwa kabla hajaondoka. Maalim Mosi alimwambia, "Tangu nimeanza kuwaongoza watu hawa, nimejaribu kukumbuka ni nani aliyewahi kuniambia jambo baya juu yake mwenyewe bila kushikwa. Nimempata mmoja tu. Sasa nimpe nani kisu?"

Kisu kikarudi, lakini kwa sharti. Kila nyama itakayoletwa, Mwanabaraka atakaa uwanjani na beseni, ataosha kipande kimoja mbele ya wote, na maji yatazamwe. Yeye akisema nyama hii hapana, basi hapana. Mke awe shahidi dhidi ya mume wake, mbele ya kijiji. Nilimuuliza Bi Mwanabaraka kama aliona ni haki. "Ilikuwa haki," akasema. "Lakini ilikuwa aibu. Vyote viwili."

Mwezi ulipofika wakatoka. Wakampata pofu mwingine, jike. Gobole likalia. Mrisho akakimbia.

Na hakuwahi.

Alikuwa bado dhaifu, na pofu alikuwa amepigwa vizuri mno, akafa papo hapo. Melkizedeki anasema safari hii hakufungua mdomo. Alikaa juu ya jiwe akamtazama mwenzake. Mrisho akagusa jicho la mnyama. Akakifuta kisu ambacho hakikuwa na kitu cha kufutwa, na wakaanza kurudi.

Uwanjani watu wamejaa. Matawi yametandazwa. Mwanabaraka amekaa na beseni lake, maji safi, mikono magotini. Mrisho akapita katikati ya watu, akasimama pale pale aliposimama siku ile, akainua kisu juu. Kilikuwa kinameta.

"Huyu ni pofu," akasema. "Sikumwahi. Ni wa kina Melkizedeki. Kwangu mimi, na kwa wanaonisikiliza, hapana."

Binti yake mmoja, miaka mitano, akaanza kulia kwa sauti, maana alishajua maana ya hapana. Maalim Mosi akawauliza watu wake kama wanataka kukaa na kulizungumza, kwa sababu sasa walikuwa na nafasi ya kuchagua. Wakatazamana. Mama mmoja akajifunga khanga vizuri kiunoni. "Tukapike mlenda," akasema. Wakacheka, wasikilizaji wapendwa. Watu wenye njaa ya miezi sita wakacheka, wakaenda kupika mlenda. Na Mrisho akaenda nao.

Mwezi uliofuata akamwahi. Kongoni dume, mwenye pembe hizi. Alimshika akiwa anapiga mateke, na ndipo alipopata lile kovu la paja. Alirudi anachechemea, suruali imelowa damu yake na ya kongoni, huwezi kujua ipi ni ipi. Matawi yakatandazwa. Akatangaza, "Huyu ni kongoni. Nimemchinja mimi."

Mwanabaraka akachukua kipande cha kwanza, akakisogeza kwenye beseni. Watu wakasogea kutazama maji. Ndipo Bwana Ntandu, yule yule wa pumu, aliyekwenda na kisu mara mbili na kurudi na kisu kikavu mara mbili, akapenya mbele. Akauzuia mkono wa Mwanabaraka kabla nyama haijagusa maji.

"Mama, chukua beseni lako uende nalo nyumbani," akasema. "Mrisho amesema amewahi."

Maalim Mosi hakupinga. Hakuna aliyepinga. Watu wakapanga mstari, wakachukua mafungu yao.

Nilimuuliza Bi Mwanabaraka alifanya nini. Alikuwa anacheka na kulia, na mimi nilikuwa nalia tu. "Nilikwenda na beseni nyumbani," akasema. "Yale maji nikafulia nepi. Halafu nikapika, nikapakua, nikakaa, nikala na mume wangu."

Mzee Mrisho Ramadhan alirudi mjini mwaka wa sabini na tisa, akafungua bucha Mandewa, akaiendesha mpaka macho yalipokataa. Walionunua kwake wanajua. Hata kama umeomba nyama ya ng'ombe tu, alikuwa anakutangazia kwa sauti duka zima lisikie, huyu ni ng'ombe, amechinjwa leo alfajiri na fulani. Wengine mlikuwa mnamwona mzee wa kelele. Sasa mmejua.

Kwa niaba ya kituo chetu, natoa pole kwa Bi Mwanabaraka, kwa watoto wake sita, wajukuu na vitukuu. Pole kwa majirani wa Mandewa. Pole ya pekee kwa Mzee Melkizedeki Mughwai na Mama Rahabu kule Mitundu. Mzee, uliniambia hutakuja mazikoni kwa sababu ya miguu, na ukaja kwa lori la mkaa. Nilikuona. Mungu ampumzishe mwenzako mahali pema.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Wewe mama ntilie, wewe mwenye bucha, ninyi wauza mishkaki wa stendi, ndiyo, nawasema ninyi, mtu akikuamini akafumba macho akala, unamlisha nini? Lakini nisiwasakame wao peke yao. Kila mmoja wetu kuna mtu anayekula kutoka mkononi mwake, na kuna jambo ambalo hakuna aliyeliona ila yeye mwenyewe. Mrisho Mbio alilibeba lake siku tatu, likamshinda uzito, akalitua mbele ya watu.

Leo ni Jumatano. Ijumaa ni keshokutwa. Na ninyi wa Jumapili, msijifiche, siku zenu nazo zinahesabika.